Gitaa Nililompigia Akiwa Edani

Kutoka Isiolo mpaka Merti hakuna mtu anayeliza gitaa kama mimi, na sikufundishwa na mtu. Shule niliacha darasa la nne. Nilianza na mkokoteni wa punda, leo nina malori, na gitaa nalo nilijitafutia njia yangu. Nalilaza magotini, nyuzi nimeziinua kwa kipande cha mfupa wa ngamia. Sibonyezi kwa vidole, natelezesha chuma nilichotoa kwenye injini ya lori langu la kwanza. Hapo sauti inapinda, inapanda polepole, inatetemeka kama mwimbaji wa sinema ya Kihindi akilia. Uzi mnene nauacha uvume chini bila kukoma. Wahindi wenyewe, wale wa duka la spea, walikuwa wakisimama kunisikiliza.

Mke wangu alizipenda nyimbo za sinema za Kihindi tangu usichana wake kule kwao Korbesa, kwenye redio ya babake. Nilimpata kwa gitaa, wala sioni aibu kusema.

Mwaka jana tuligombana. Nilikuwa nawaeleza wageni habari za malori yangu, akaingia na chai akasema, "Mzee, mdomo wako unajua kujisifu tu. Mimi hujawahi kuniambia hata neno moja zuri."

Wageni wakacheka. Walipoondoka nikampa talaka, moja.

Kwetu Waislamu, mke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe, kama miezi mitatu hivi. Mume akitamka kwamba amemrejea kabla eda haijaisha, ndoa inaendelea. Akinyamaza mpaka iishe, basi.

Akahamia chumba cha ng'ambo ya ua. Hasira yangu haikumaliza wiki. Kila jioni baada ya magharibi niliweka kiti uani nikampigia zile nyimbo zake, na nilipiga kama sijawahi kupiga. Majirani walizima televisheni zao. Pazia la mlango wake lilikuwa likisogea kidogo, nami nikajua amesikia. Kwangu tulikuwa tumesharudiana, imebaki yeye kuvuka ua tu.

Asubuhi moja kakake akafika na pikapu.

"Shemeji, nimekuja kumchukua dada. Eda imeisha."

"Umpeleke wapi? Huyu ni mke wangu, nimemrejea."

"Ulimwambia?"

"Nimempigia gitaa kila jioni. Uliza mtaa mzima."

"Mtaa wa nini bana? Nimeuliza ulimwambia."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, nguo zake amezifunga kwenye shuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Kila ukimaliza kupiga," akasema, "nilikuwa nasimama nyuma ya pazia, nikidhani sasa utaniita. Halafu nasikia unarudisha kiti ndani."

Nikamwambia tufunge ndoa mpya leo leo, mahari ataje mwenyewe, hata ngamia wa kujaza boma.

"Unaona?" akasema. "Hata sasa ni ngamia."

Akapanda mbele, kando ya kakake. Niliwafuata na lori mpaka Ngaremara, wakasimama kununua maji. Aliniona. Akateremsha kioo, akangoja, mkono wake mlangoni. Mimi nilikaa pale kwenye usukani, natafuta pa kuanzia. Kakake akarudi na chupa za maji, kioo kikapanda, wakaenda zao.