Swali la Mwalimu Gachanja

Mwalimu Gachanja alikuwa na ugonjwa mmoja, na Subukia yote iliujua: hawezi kusikia swali la Kiingereza likiulizwa ovyo akanyamaza. Daktari wa mifugo akimwuliza, "Your cow is eating well?" hapewi habari ya ng'ombe. Anaambiwa kwanza, "Boss, hiyo si swali. Tanguliza is." Ng'ombe asubiri! Kustaafu hakukumponya hata kidogo. Watu walimcheka na kumpenda pia, maana watoto wao walipita mtihani kwa mikono yake.

Darasani alikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyomletea balaa. Ukishauliza, funga mdomo. Usimjibie mtu, usimkonyeze. Alikuwa akisimama mbele, mikono mgongoni, akingoja mpaka mtoto wa kiti cha nyuma apate jibu lake mwenyewe, hata kama kengele imelia. Nyumbani, ajabu, hakuwa mtu wa kuuliza. Nyumbani alikuwa akitangaza.

Basi ikafika siku ya watu wa Kipkemei kuja kumposa Kui, kitinda mimba wake. Hema imesimama, mbuzi wamefungwa kando, watu wameshiba. Wageni walikuwa Wakalenjin na wenyeji Wakikuyu, kwa hivyo mambo yakaenda kwa Kiswahili na Kiingereza. Likabaki jambo moja tu: msichana aitwe mbele, aulizwe kama wazee wapokee mali ile. Na sisi sote tunajua vile huwa. Swali halijaisha, wamama wameshapiga vigelegele. Jibu halisikiki, na hakuna anayelitafuta.

Njuguna, ndugu mdogo wa Gachanja na msemaji wa familia, akasimama, akavuta koti. "Kui, you are accepting, eeh?"

Wamama wakavuta pumzi. Lakini Gachanja alikuwa ameshatoka kitini.

"Ngoja, ngoja! Njuguna, aibu gani hii mbele ya wageni? Hiyo ni sentensi tu umeivalisha kofia ya swali!"

Hema nzima ikaangua kicheko. Gachanja akamgeukia binti yake, akauliza kwa sauti ya darasani, kila neno mahali pake: "Do you want to marry Kipkemei?"

Vigelegele vikaanza. Akainua mkono, vikakatika. "Nimeuliza. Sasa tungoje jibu." Akarudisha mikono mgongoni, akatabasamu.

Kui akatazama viatu vyake. Akamtazama Kipkemei. Akamtazama baba.

"No," akasema. Kisha, kama vile anaogopa kuna ambaye hajasikia: "Hapana, Baba. Sitaki."

Weh! Mama mmoja alibaki na mdomo wazi na kigelegele chake kimekwama humo ndani. Kijiko kilianguka mahali fulani na hakuna aliyeinama kukiokota. Gachanja akashika mti wa hema. Alidhani amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

"Muulize tena," Njuguna akamnong'oneza, jasho likimtiririka. "Ndugu yangu, muulize tena, acha hiyo Kiingereza yako. Sema anatania tu."

Na ingewezekana. Alimjua mtoto wake: tangu azaliwe Kui hakuwahi kumkatalia mara mbili. Akicheka sasa, aseme, "Huyu msichana na utani wake," Kui atainamisha kichwa, vigelegele vitapigwa, na kesho atakuwa mke wa mtu. Heshima ya Gachanja itapona. Alikuwa mzee wa kanisa. Wageni walikuwa wanamtazama yeye.

"Nimemwuliza vizuri," akasema. "Amejibu."

Kipkemei akainuka, kijana wa watu, macho mekundu. "Mzee, pole. Aliniambia mwezi uliopita. Nilifikiri hatathubutu kusema mbele ya watu."

Huo mshtuko wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Yaani kijana alijua! Wazee wa Kipkemei walisimama bila kelele, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakaondoka na mbuzi wao.

Jioni Gachanja aliingia jikoni, mahali asipoingia sana. Nyakio, mkewe, alikuwa akifuta sahani zilizokwisha kukauka.

"Mama Kui, wewe ulijua?"

"Alikuja kwangu akilia," Nyakio akasema bila kugeuka. "Nikamwambia ni woga tu, kila msichana huwa nao. Utapita ukishaolewa."

"Nani alikuambia woga kama huo hupita?"

"Mama yangu. Asubuhi ile watu wenu walipokuja kwetu. Na mimi nililia."

Gachanja akashikilia meza. Miaka yote hiyo, watoto wanne, na neno hili halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yake. Aliogopa kuuliza kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Na ulipita?"

Nyakio akaweka sahani chini, akamgeukia, akamtazama usoni.

"Bado," akasema.