Kigae Kilichofukizwa Udi

Mamangu, Mgiriama wa Ganze, hakununua chungu pale sokoni Malindi mpaka akigonge kwanza. Akikipiga kwa kifundo cha kidole, akiinamisha sikio. Kikilia kama mtu mwenye kikohozi, alikirudisha. Wauzaji wakimtania: "Mama Kadzo, wanunua chungu ama wabisha hodi?"

Mtauliza chungu chahusu nini kazi yangu ya kukagua mabomba. Nafika.

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kilifi, miaka ya themanini, Fundi Mkuu alinionyesha kigae cheupe cha kauri, chembamba kama sarafu. Alikuwa mzee wa Malindi, mtaratibu, na kila mtu kwake alikuwa "mwanangu".

"Hiki ukikipa umeme chatetemeka," akaniambia. "Mtetemo wakimbia ndani ya chuma cha bomba, mbali. Ukikuta kutu, warudi. Kigae chausikia, na mstari wainuka hapa kwenye kioo cha kifaa."

"Basi ni kugonga chungu," nikasema. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nilimpenda tangu hapo.

Tulikuwa tukikagua bomba la maji lililozikwa chini ya barabara, jicho lisikofika. Kwenye mteremko kulikuwa na nyumba za udongo, zimejaa watu. Bomba lingepasuka, zingesombwa. Ndiyo maana bila sahihi ya Fundi Mkuu, valvu ya kufungulia maji haikuguswa.

Tulibakiwa na kigae kimoja, na masika yakakitia unyevu. Sasa, mzee yule kila Alhamisi alifukiza kanzu yake ya Ijumaa kwa udi. Alhamisi hiyo, baada ya kanzu, nacho kigae akakilaza juu ya chetezo, karibu na makaa. Asubuhi mstari ukalala, hauinuki.

"Shikamoo, mzee," akasema Injinia, kijana wa bara, akinusanusa. "Mbona kifaa kinanukia harusi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekikausha kwa udi."

"Umekiua, mzee wangu! Joto likizidi, kigae hiki hakitetemeki tena. Kingine mpaka kitoke Ulaya."

Hata mimi, nikinusa udi leo hapa nyumbani, na nimestaafu zamani, nacheka peke yangu. Siku ile hatukucheka, maana Meneja wetu alifika.

"Maji yafunguliwe leo. Mzee, tia sahihi kwamba bomba ni zima."

"Sijalisikia."

"Sahihi, ama kazi huna."

Fundi Mkuu akapiga magoti pale bomba linapochomoza. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, vilevile kama mamangu.

"Kidole hakifiki huko chini," akasema. "Na kilichokuwa kikifika nimekichoma mwenyewe. Sitii sahihi."

Akavua helmeti, akaiweka juu ya bomba, akavaa kofia yake. Meneja akaita, akaita tena, kalamu mkononi. Mzee akashika barabara ya Malindi, hakugeuka, wala hakurudi.