Maji ya Kusuuza Niliyomnyima Mwende

Kuna siku moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia wewe uliyeanza kuringa kwamba kemia umeimaliza. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne hapa Kasikeu, na ukoo wa halojeni niliujua kuliko ukoo wa mama yangu: florini, klorini, bromini, iodini. Kila mmoja amepungukiwa na elektroni moja tu, kwa hiyo wote ni wanyang'anyi, na florini ndiye mkali kuwashinda wenzake. Wakishikana na haidrojeni huwa gesi, na gesi hiyo ikiingia majini huwa asidi. Ile ya florini huitwa dhaifu, lakini inakula hata kioo. Haya niliyasema mpaka kwenye harusi za watu.

Kanisa letu lilikuwa na tangi la saruji la kuwekea maji ya kisima. Unayajua maji yetu ya chumvi, yanaacha ukoko mweupe mgumu ukutani. Vijana tukaombwa tulisafishe kabla ya wageni wa Jumapili, nami nikajipa uongozi. Nikanunua asidi ya haidrokloriki kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Binamu yangu Mwende, aliyeongoza nyimbo za kwaya, akakubali kuingia kusugua. Mzee Kyalo, mtunzaji wa tangi, alimfunga kamba kiunoni kwanza, kwa maana hakumruhusu mtu yeyote kuingia humo bila kamba. Nilicheka kimoyomoyo, nikaona anamfunga msichana wa watu kama mbuzi.

Ukoko ulipopakwa asidi ulitoa povu ukaisha. Mwende akaita kutoka chini, "Mutua, leta maji nisuuze!"

Nikatazama mitungi sita iliyobaki. Akina mama walikuwa wameileta kwa punda tangu asubuhi, na roho iliniuma kuimwaga. Kwetu Ukambani maji hayamwagwi ovyo.

"Hii maji tuiweke," nikamjibu. "Nakuteremshia klorini ya kuua viini. Hiyo na asidi ni ukoo moja, haziwezi kosana."

Nikateremsha ndoo ya dawa, naye akaipaka ukutani pakiwa bado pamelowa asidi. Zilipokutana, gesi ya klorini yenyewe ikatoka, ya rangi ya kijani na manjano, nzito kuliko hewa, ikatulia kule chini alikokuwa yeye. Nikasikia akikohoa, halafu sikusikia kitu. Niliogopa, mwanangu. Nikataka kuruka ndani.

"Usiingie! Shika kamba, vuta!" Mzee Kyalo akafoka.

Tukamvuta. Alitoka macho mekundu, akitapika, akitafuta pumzi. Alilazwa wiki nzima. Alipona, nashukuru Mungu, lakini ile sauti yake ya juu haikurudi tena.

Mzee Kyalo hakunipiga. Aliniuliza mbele ya watu wote, "Kijana, huyu msichana aliomba maji. Mbona hukumpa?" Nililia kama mtoto.

Basi nisikilize vizuri, kwa sababu hili nalijua. Asidi na dawa ya klorini usizikutanishe kamwe, iwe tangini, chooni au kwenye beseni la kufulia. Suuza, kisha usuuze tena, hata kama maji hayo yametoka mbali kule Kibwezi kwa punda. Ukisoma kwamba vitu fulani vinafanana tabia, endelea kusoma mpaka ujue vikikutana vinafanya nini. Na mtu aliye chini akikuomba kitu, mpe kwanza, mabishano yaje baadaye. Yeye ndiye anayevuta hewa ya humo, wewe uko juu tu.

Mungu akupe masikio ya kusikia hata unapojiona unajua, ailinde pumzi yako, na kila atakayeshuka shimoni kwa neno lako apande akiwa mzima.