Vishale vya Ulaya Pale Msasani

Nilianza kumshuku mume wangu kwa sababu ya viatu. Yeye alikuwa bwana shamba, mimi muuguzi, wote tumeletwa Tukuyu na serikali kutoka Singida. Kila Jumamosi asubuhi aliniaga kwamba anakwenda Lufingo kuwatazama wakulima wa chai, na mchana alirudi viatu vikavu, visafi. Aliyewahi kukanyaga njia za Lufingo wakati wa mvua anajua kwamba hilo haliwezekani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye chumba cha mbele anafungua biashara. Mjane mmoja pale Msasani, mtaa wetu wa Tukuyu, alifungua baa, akaweka dishi kubwa juu ya bati, la kwanza mtaani kwetu. Wengine wangeonyesha mpira. Yeye alionyesha mashindano ya vishale ya wachezaji wa kulipwa huko Uingereza. Wanaume wa pale walikuwa wakicheza vishale siku nyingi, kwa hiyo walielewa: kila mchezaji anaanza na mia tano na moja, anapunguza mpaka sifuri, na kishale cha mwisho lazima kichome ukingo mwembamba wa nje wa ubao. Jumamosi jioni baa ilijaa. Watu waliwekeana dau la bia, jogoo, mkungu wa ndizi.

Mume wangu alishinda karibu kila wiki. Jogoo wa watu wakawa wanawika uani kwangu.

"Nina jicho," aliniambia nilipomuuliza. "Nikiona mtu anavyoshika kishale, najua."

Kisha mwenzangu wa kliniki akaninong'oneza kwamba alimwona asubuhi akiingia kwa yule mjane kwa mlango wa nyuma. Nikajua nimeshapata jibu la viatu. Jumamosi iliyofuata jioni nilijifunga khanga juu ya sweta, nikamfuata baa.

"Umekuja kufanya nini?" aliniuliza.

"Kuangalia vishale."

Niliagiza soda, lakini televisheni sikuiangalia. Niliangalia macho ya mjane na ya mume wangu. Hayakukutana hata mara moja, na hilo likanitia shaka zaidi.

Fainali ilikuwa kati ya bonge la mtu mwenye shati la maua na kijana mwembamba mwenye hereni. Mwembamba alikuwa nyuma sana, lakini mume wangu alimwekea dau. Dereva wa lori la chai akacheka, akaweka kreti zima la bia kwa bonge. Bonge akarusha viwili, akainua mkono kurusha cha tatu, umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshangaa. Mishumaa ikawashwa, tukakaa tukisikiliza mvua kwenye bati mpaka soda yangu ikaisha. Taa ziliporudi, televisheni ilikuwa na chenga tupu. Mjane akaingia chumba cha ndani, nyuma ya pazia la kitenge, akisema anakwenda kuweka dishi sawa. Picha ikarudi. Bonge alikuwa amesimama vilevile, mkono juu. Akarusha cha tatu.

Watu wakashangilia. Jirani yangu mezani, mzee mkulima kutoka Kawetele, hakushangilia.

"Kumbe," aliuliza, "hata Ulaya umeme umekatika?"

Walicheka. Kisha kicheko kikaanza kufa, meza hii, halafu ile. Dereva akainuka akaelekea kwenye pazia. Mjane alimshika shati, likamponyoka. Dereva alipotoka alikuwa na mkanda wa video mkononi.

"Hii mechi imeshachezwa!" alisema. "Wanairekodi, wanajua nani ameshinda, halafu wanatuita tuweke dau!"

Macho yote yakamgeukia mume wangu. Kisha yakanigeukia mimi.

"Na wewe shemeji, ulijua?" dereva aliniuliza.

"Sikujua."

"Jogoo wetu nani alikuwa anawapika?"

Nilikuwa nawapika mimi. Watu walichukua walichokuwa wameweka jioni ile. Mume wangu hakupigwa kwa sababu tu yule mzee wa Kawetele alisimama mbele yake akisema inatosha. Lakini maneno yalifika kliniki kabla yangu. Kina mama walioniletea watoto kwa sindano sasa walisogea kwanza kuangalia nimevuta dawa gani.

Nyumbani nilimbana.

"Kwa hiyo asubuhi ulikuwa unaangalia mkanda?"

"Ndiyo. Yule mama mchezo haujui. Nilikuwa namchagulia mechi."

"Mkanda tu?"

"Mkanda tu, mke wangu."

Nilisikia nafuu, na hapohapo nikasikia aibu kwa kupata nafuu kwamba mume wangu ni tapeli tu.

Jumamosi nyingine aliniaga tena kwamba anakwenda Lufingo. Nikamwambia tunakwenda wote. Tulipanda vilima kwenye utelezi mpaka kwa mama mmoja mwenye shamba la chai nyuma ya migomba yake. Alitukaribisha kwa furaha.

"Ndaga, asante kwa kuja, bwana shamba! Ulipotelea wapi? Tulidhani umehamishwa!"

"Kazi, mama," mume wangu alijibu bila kusita. "Ofisi ilinipeleka vijiji vingine."

Alisema kwa sauti tulivu, ileile aliyoniambia nayo habari za mkanda. Yule mama akamwamini kabisa. Nikakaa kwenye kigoda nilichopewa, nikamwomba mume wangu atangulie shambani, nikaanza kumuuliza yule mama bwana shamba aliacha kuja tangu lini, nione kama ni kabla ya lile dishi.