Dobi Aliyemsugua Dada Yake

Dobi alimkuta dada yake dukani, ndani ya kijisanduku cha plastiki, bei imebandikwa juu.

Serikali ilikuwa imetoa sarafu za dhahabu za kuwaenzi wasanii: mchoraji, mchonga vinyago, na mwimbaji ambaye watu walimwita Kinanda. Huyo Kinanda ndiye dada yake dobi, tumbo moja, ziwa moja. Alipokuwa anaumwa hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kubisha hodi. Dobi ndiye aliyemnywesha uji, akamgeuza ubavu, akamwosha uso kwa kitambaa asubuhi na jioni mpaka pumzi ikakatika. Siku ya mazishi ndipo wakubwa wakaonekana. Wakahutubia, wakaahidi kaburi la marumaru, wakapanda magari yao. Mvua zikanyesha, udongo ukabonyea, magugu yakaota. Marumaru haikuja, hata kipande cha kusugulia miguu.

"Kumtia kwenye dhahabu wameweza," dobi akasema pale dukani. "Jiwe ndilo limewashinda."

Muuzaji, kijana mwenye tai na maneno laini, akamsogezea kiti. "Hii si pambo, bibi. Huu ni uwekezaji. Zimetolewa chache tu. Wapenzi wa sanaa watazigombania, bei itapanda, wewe utauza kwa faida."

Dobi akaona basi vizuri, Kinanda atajijengea kaburi mwenyewe, maana tangu utoto kila kitu alijitafutia. Akatoa akiba yake yote, jasho la kufua na kupiga pasi shuka za watu, akainunua ile sarafu. Akaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, akawa anaitoa kuitazama.

Kilichomkera ni uso. Sarafu nzima inameta kama kioo, lakini uso wa Kinanda umefifia, una weupe kama umepulizwa pumzi. Jamani, dobi huyu hata pasi yake ya mkaa unaweza kujitazama humo ukafunga kilemba. Leo amwache dada yake na uso mchafu? Akakibandua kijisanduku kwa kisu, akachukua majivu laini na ndimu, akausugua ule uso polepole, kama anavyooshwa mgonjwa, mpaka pua ikang'aa.

Mwanawe, fundi bomba, alipoiona alishika kichwa.

"Mama! Umemfanya nini mama mkubwa?"

"Nimemwosha."

"Vitu hivi vinaoshwa? Ona, mpaka nyusi zimetoka!"

"Nyusi alikuwa ananyoa mwenyewe. Nyamaza."

Redio iliposema dhahabu imepanda, mama na mwana wakavaa vizuri wakaenda kuuza. Muuzaji ni yule yule, tai ile ile. Akavaa glavu nyeupe, akatia jicho kwenye lenzi, akakunja uso.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi."

"Kwa mikono?"

"Ulitaka niishike kwa meno?"

"Bibi, umeiharibu. Ule weupe haukuwa uchafu. Ndio ufundi wenyewe, uso unatengenezwa hivyo makusudi ili uonekane. Sasa ina mikwaruzo, hakuna mkusanyaji atakayeitaka. Naweza kuichukua kwa uzito tu, iende kuyeyushwa."

"Na siku uliponiuzia, uliniambia isisuguliwe?"

"Imeandikwa chini ya boksi."

"Chini ya boksi!" Dobi akasimama. "Siku ile ulimi wako ulitiririka kama bomba lililopasuka. Uwekezaji, wapenzi wa sanaa, sijui faida. Hilo moja tu likakushinda, ukaliachia boksi liniambie? Tena kwa vijiandishi kama mayai ya chawa?"

Wateja wakageuka. Dobi akanyoosha mkono achukue sarafu yake, muuzaji akaivuta kando haraka. "Tafadhali bibi, usiuguse tena uso."

Hapo ndipo alipomwasha dobi hasira.

"Nisiuguse? Mimi? Uso huu nimeuosha ukiwa wa moto kwa homa, nikauosha ukiwa wa baridi. Hao wapenzi wa sanaa wako walikuwa wapi? Wanampenda akiwa ndani ya plastiki, kwa sababu humo hali, haumwi, haombi maji!"

Muuzaji akatazama tai yake. Mwana akamshika mama yake bega. "Mama, twende zetu nyumbani. Tubaki nayo, ni ukumbusho."

Dobi akaitazama sarafu. Kinanda alikuwa anatabasamu, hana nyusi. Akiirudisha nyumbani, atamtazama kila siku, na kule makaburini magugu yatazidi kumfunika. Akiiacha hapa, sura itakwenda motoni.

"Pima," akasema.

"Mama, watamyeyusha."

"Watayeyusha dhahabu. Dada yangu hakuwahi kuvaa hata hereni ya dhahabu, humo ndani anatafuta nini? Pima, kijana. Na hiyo mizani igeuzie huku niione."

Pesa ya uzito haikufika kwenye marumaru. Ilitosha jiwe la kawaida na ukuta mfupi wa kuzunguka. Hasira haijamtoka mpaka leo. Akipita mbele ya duka lile husonya mpaka mlinzi anasimama.

Simenti ilipokauka, dobi akaenda makaburini na ndoo, sabuni na brashi. Fundi aliyelijenga kaburi alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Mama, jiwe jipya hilo, bado halijashika uchafu wa ku..."

Dobi akamtazama. Fundi akaokota mwiko wake, akaenda kukaa kivulini. Naye dobi akapiga magoti, akalowesha brashi, akaanza kusugua.