Bibi Yetu katika Ukumbi wa Parokia

Mwalimu alifika nyumbani kwetu Ujiji mwaka ule vita vilipoanza ng'ambo ya ziwa, siku ambazo boti zilishusha watu ufukweni Kibirizi tangu alfajiri mpaka jioni. Wengi walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini. Yeye hakwenda, kwa sababu alifahamiana na baba. Baba aliuza mawese na sabuni, na miaka ya nyuma, kila alipovuka ziwa kwenda Uvira kufuata mzigo, alilala kwa kaka wa mtu huyu. Alipomkuta ufukweni amekalia begi lake, hakuuliza mengi. Alimwambia, "Twende nyumbani."

Yule kaka alikuwa ameuawa. Tuliambiwa siku ile ile, na baada ya hapo hakuna aliyemtaja tena mbele yake.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilimwamkia, "Shikamoo," naye akajibu, "Aksanti," maana kwao salamu hiyo hawana. Dada yangu alikimbilia uani kwenda kucheka. Dada alikuwa amechumbiwa na kijana wa nyumba ya wauza vitambaa, watu waliopenda kusema asili yao ni Pwani na, nyuma kidogo, Uarabuni. Siku hizo alicheka kwa kila jambo.

Mgeni wetu alikuwa Mkatoliki. Alisoma seminari, akaiacha kabla ya upadri, akaishia chuo kikuu akifundisha historia ya dini. Mama alimpa chumba cha uani, na kila Jumamosi alimpigia pasi shati la kwendea misa. Wakati wa swala alipunguza sauti ya redio bila kuambiwa. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia alikataa kula mchana, na mama alipomsihi alisema hawezi kutafuna peke yake katika nyumba ya watu waliofunga.

Mazungumzo ninayotaka kuyaeleza aliyaanzisha baba mwenyewe, kwenye baraza, baada ya alasiri.

"Mwalimu," alisema, "hao watu wenu waliosoma sana, wa Ulaya na kwingineko, wasio Waislamu. Sisi walitusemaje?"

Mwalimu alicheka kidogo. Vitabu vyake vyote vilikuwa vimebaki Uvira, lakini alikuwa navyo kichwani. Akaanza kueleza kama aliye darasani. Wako walioandika kwamba Uislamu ulienea kwa upanga, basi. Akaja mwingine, Mkristo wa malezi, akauliza: mtu mmoja akishika upanga peke yake atamlazimisha nani? Lazima kwanza watu wamwamini. Huyo akamwita Mtume mtu mkweli, na wenzake wakamshangaa. Yuko aliyesema ni dini ya wapiganaji waliogawana nyara. Na yuko mchungaji mmoja, mtu mweusi, aliyetembea Afrika Magharibi akaandika kwamba Mwafrika aliyesilimu alibaki na heshima yake, kuliko yule aliyebatizwa na kufundishwa kujidharau.

"Huyo wa mwisho," baba alisema, "hebu mrudie."

Mwalimu akamrudia. Baba aliinamisha kichwa akisikiliza, uso umetulia kabisa. Jioni hiyo alimsimulia mama habari ya mchungaji yule kana kwamba ni mtu aliyekutana naye sokoni.

Yalikuwa mazungumzo mazuri, na mimi niliyapenda. Lakini baada ya muda niliuliza swali ambalo nilitamani baadaye nisingepata jibu lake. Niliuliza kama yuko aliyeandika juu ya Ujiji hasa. Mwalimu alisita. Akasema ndiyo, wasafiri na wamisionari waliopita hapa zamani. Waliandika kwamba mji ulinuka watumwa na samaki, na kwamba watu wake walikuwa Waislamu wa kanzu tu, wameiga mavazi na salamu za mabwana zao, ndani hawana kitu.

Sikuwa nimewahi kujiona kwa macho ya mtu wa nje. Nilitazama njia yetu ya udongo mwekundu, wanawake wanaotoka ziwani na mabeseni ya dagaa, mzee aliyekuwa akienda msikitini mapema, na kwa dakika chache niliwaona hivyo hivyo, wameiga. Nilichukia kuwaona hivyo. Kwa wiki nzima kila niliposimama kuswali nilijiuliza swala hii ni yangu au ni ya nani.

Nadhani baba naye aliguswa, ndiyo maana siku iliyofuata akamsimulia Mwalimu habari ya bibi yake. Sisi wenyewe tulikuwa hatujawahi kuisikia. Bibi huyo aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, amefungwa kamba na wengine, akavushwa ziwa na kuachwa Ujiji katika nyumba ya mfanyabiashara. Hakukumbuka jina la kijiji chao. Bibi mwenye nyumba alimfundisha kuswali. Baba alisema kitu kimoja ambacho bibi yake alikirudia mpaka uzeeni: siku ya kwanza ya kutawadha, yule bibi mwenye nyumba alichota maji kwa kata ile ile aliyokuwa ameitumia mtoto, bila kuisuuza, kisha wakasimama bega kwa bega.

"Hakusema walimpenda," baba alieleza. "Kesho yake aliamshwa kutwanga kama kawaida. Alisema tu kwamba wakati ule wa kusimama, alikuwa mtu."

Mwalimu akasema, "Aksanti, Papa," kama kwao wanavyomwita baba. Baba akamwambia habari hiyo ni ya humu ndani. Nakumbuka alisema hivyo, kwa sababu alitutazama mimi na dada alipokuwa akisema, siyo Mwalimu. Hakufikiri kwamba mtu mzima anahitaji kuonywa.

Ilikuwa miaka ya mihadhara. Wahubiri wa Kiislamu waliojua Biblia walisimama uwanjani na vipaza sauti, wakiisoma sura kwa sura na kuwauliza Wakristo maswali. Wahubiri wa Kikristo nao walijibu kwa Kurani iliyotafsiriwa. Watu walijaa, walicheka, wengine walirudi nyumbani na hasira. Majirani waliokuwa wakigawana futari na pilau ya Krismasi walianza kuulizana mambo ya Utatu kwenye foleni ya maji. Parokiani waliona wanazidiwa, na siku moja katekista alikuja nyumbani kwetu, akamwamkia baba kwa heshima zote, akaomba kuzungumza na Mwalimu.

Walimtaka atoe somo ukumbini: wenye elimu wameuonaje Uislamu. Mwalimu alimuomba baba ruhusa.

"Wewe ni msomi," baba alisema. "Kawaeleze kama ulivyotueleza sisi."

Alikwenda Jumapili, na shati ambalo mama alilipiga pasi. Alirudi na furaha, akasema waliomsikiliza hawakupata walichokitaka, maana walitarajia awape silaha na yeye akawapa maswali. Tukafurahi naye.

Lakini mtu alikuwa amerekodi. Kabla ya wiki kwisha kaseti ilikuwa inapigwa kwenye vibanda vya sabuni na nyuzi kule sokoni. Haikuwa nzima. Walioinakili walibakiza upanga, nyara, na Waislamu wa kanzu. Wazee wawili wa msikitini walimfuata baba dukani wakamwambia mgeni wake anautukana Uislamu huku anakula kwake. Baba alimtetea. Aliwaambia mtu huyo alikuwa anataja maneno ya wengine, na kwamba kama wanataka, wamlete mbele yao aulizwe. Aliporudi nyumbani alikuwa bado na sauti ya ubishi. "Hawajui kusikiliza," alituambia.

Kisha akaazima kaseti nzima kwa katekista, apate kuwathibitishia. Tulikaa sebuleni kuisikiliza, Mwalimu akiwa ametoka. Sauti yake ilikuja taratibu, ya kupendeza, akiwapanga wanafikra mmoja mmoja, huyu alisema hivi, yule akampinga. Ilikuwa sawasawa na barazani. Halafu akasema: "Niwape mfano ulio hai. Mimi ninaishi katika nyumba ya mzee mmoja hapa Ujiji. Bibi yake aliletwa mtumwa."

Akasimulia yote. Kamba, ziwa, kutwanga, kata ya maji. Akauliza ukumbi: je, mtoto yule alibadilishiwa mnyororo, au alipewa utu? Akasema wako wanafikra wangejibu hili, wako wangejibu lile, na yeye mwenyewe hajui. Mtu mmoja ukumbini alikohoa. Baba alinyoosha mkono akazima redio.

Hakuna aliyehitaji kutaja jina. Ujiji nzima ilijua Mwalimu anaishi kwa nani.

Shangazi wa yule kijana aliyemchumbia dada alikuja siku chache baadaye, na mama akamkaribisha kwa chai. Hakuigusa.

"Hatukujua ukoo wenu umetokea wapi," alisema.

"Umetokea Manyema," mama alijibu, "kama nusu ya mji huu."

"Manyema kuna waliokuja kwa miguu yao na kuna walioletwa."

Dada alikuwa nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Mahari ilirudishwa kwa adabu, na maneno yaliyotumika yalikuwa ya adabu. Kule dukani kwa wauza vitambaa walining'iniza aya ya Kurani isemayo aliye bora mbele ya Mungu ni yule amchaye zaidi. Nilipita hapo kila siku nikienda shule. Wakati huo ndipo nilipoona kwamba waliotudharau ndani ya dini yetu na waliotudharau katika vitabu walikuwa wamekubaliana jambo moja juu ya bibi yetu, kwamba mtumwa ni mtumwa hata akiswali, na sikuwa na wa kumwambia.

Mwalimu alipoelewa kilichotokea alimwendea baba uani. Mimi nilikuwa nafua.

"Papa, nilitaka wamwone mtu," alisema. "Wanasema 'Waislamu, Waislamu.' Nilitaka wamwone mtoto yule na kata yake. Walilia, Papa. Yuko mama mmoja alilia."

"Ungewaonyesha bibi yako."

"Bibi yangu hakuwa..."

"Hao wa Ulaya sikuwajua," baba alisema. "Waseme watakavyo, hawakunywa maji kwangu. Wewe nilikupa kitu ambacho sikuwapa hata watoto wangu, ukaenda ukakiweka mezani kwa wageni wakipime."

"Nisamehe, Papa."

"Sijui kama naweza. Lakini kukaa hapa, nadhani imetosha."

Mama alijaribu kuingilia, akasema huko nje wanakamata wakimbizi, na kambini kuna kipindupindu. Baba akasema hamfukuzi, aende siku atakayochagua mwenyewe. Mwalimu alikwenda kujiandikisha mwenyewe, na asubuhi moja akapanda lori pamoja na familia zilizokuwa zimefika kwa boti jana yake. Mama alimpa blanketi. Baba alikuwa amekwenda dukani mapema kuliko kawaida. Hasira yangu siku ile sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia Mwalimu kwa ajili ya dada, nikamkasirikia baba kwa ajili ya lile lori.

Dada alikuja kuolewa baadaye na mwalimu wa shule aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida, mtu asiyejali nani aliletwa na nani alikuja. Wanaishi vizuri. Mimi nilikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, na huko nikawakuta wanafikra wale, mmoja mmoja, kwenye rafu za maktaba. Mwalimu alikuwa amewatendea haki. Hata yule mchungaji mweusi aliyempendeza baba yumo, na nilipomsoma zaidi niliona kwamba yeye naye alikuwa na shughuli yake. Uislamu aliusifu kwa jicho moja, jicho jingine likiwa kwa wamisionari aliogombana nao. Sikumwambia baba. Niliendelea kusoma kila aliyeandika juu ya watu wetu, wenye kusifu na wenye kuponda, na mara nyingi nilifunga kitabu nikiwa na uchovu ule ule: tulikuwa mfano wa jambo fulani.

Habari hii nisingeiandika baba akiwa hai. Nilimuuliza dada. Alifikiri, akasema, "Andika. Majina usiweke, na usimfanye bibi kuwa hoja." Nimejitahidi. Sina hakika kama nimeweza, na kuna wakati niliziweka karatasi hizi kando kwa miezi.

Mwalimu tulimwona mara moja tena. Amani ilipopatikana upande wa kwao, watu waliletwa kutoka kambini mpaka bandarini Kigoma kungojea meli, naye akachukua pikipiki akaja Ujiji. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Kambini alikuwa amefundisha sekondari miaka yote hiyo, na aliitikia shikamoo yangu kama mtu wa hapa. Baba alikuwa anaumwa miguu, lakini alisimama kumpokea. Walikaa barazani, wakaulizana hali. Mama alipika migebuka, wale samaki wa ziwa letu, na ugali wa muhogo.

Baada ya kula Mwalimu alisema anataka kuandika kitabu juu ya namna wasio Waislamu walivyoutazama Uislamu kandokando ya ziwa hili. Safari hii alikuwa ameuliza kwanza. Angependa kumweka bibi ndani yake, bila jina, bila mji.

Baba alitazama njia.

"Hapana," alisema.

"Sawa, Papa."

Wakaendelea kukaa pamoja barazani. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Baba akaomba radhi, akachukua fimbo yake, akaenda msikitini polepole. Mwalimu alikuwa ameambiwa arudi bandarini kabla ya giza, kwa hiyo alituaga mimi na mama, akaomba tumfikishie salamu.

Baba aliporudi alikuta kiti kitupu. Alikaa, akaegemeza fimbo ukutani.

"Ameshiba?" aliuliza.

"Ameshiba, baba," nilimjibu. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba nimwashie taa.