Kompyuta ya Binti Yangu Ilipokataa Kuwaka

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne nikaanza kupakia kabichi kwenye malori ya watu, na leo lori ni langu, duka la vipuri ni langu, nyumba ya tofali za kuchoma ile ya juu ya barabara ni yangu. Nimeshusha lori lisilo na breki kutoka Soni hadi Mombo kwa gia peke yake. Injini yoyote, nikiisikiliza dakika mbili, nakwambia inaumwa nini. Kwa hiyo binti yangu kompyuta ilipomgomea siku moja kabla ya kurudi chuo, nilimwambia aiache.

Kompyuta ile niliinunua mimi, taslimu. Yeye aliigawa ndani: upande mmoja mfumo wa kawaida tuliouzoea wote, upande wa pili mfumo mwingine wanaotumia chuoni kwao. Ukiiwasha inakuuliza leo unaingia upande upi. Nililielewa mara moja hilo: lori moja, madereva wawili, kila mmoja na zamu yake. Betri yake ilishakufa zamani, ikawa inaishi kwa umeme wa ukutani, na siku hiyo umeme ulikatika ikiwa katikati ya kazi. Uliporudi haikuuliza tena. Kioo cheusi, mistari miwili ya Kiingereza, basi.

Binti alitaka kwenda nayo kwa wenzake chuoni. Nikamkatalia. Nikamwambia mtu mwenye baba kama mimi hatembei na kitu kibovu. Hakubishana, kwetu mtoto habishani na baba yake. Ila alisimama mlangoni, begi liko mgongoni, akasema, "Baba, ile sauti ya mama imo humo. Haipo mahali pengine."

Mama yake, mke wangu, alifariki mwaka juzi. Kabla hajazidiwa, binti alikaa naye jikoni wakipukuchua maharage, akamrekodi kwa simu, Kishambaa kitupu, karibu saa nzima. Simu ikaja kuibiwa, ikabaki nakala ya kwenye kompyuta. Mimi sikuwahi kuisikiliza. Kila nilipoambiwa nilisema nitasikiliza nikitulia. Binti alishaniambia kuna mahali mama ananitaja.

Wiki moja baadaye alinitumia flashi yenye programu ya kuifufua, kwa basi, ndani ya bahasha. Akapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, ndipo akaeleza: nichomeke flashi, niwashe, nifuate inavyoniongoza. Nikifika kwenye ukurasa wa kuchagua, alisema, "Kama utaona inafaa, baba, labda ungenipigia picha kwanza nione."

Dereva wangu angesema usiguse. Fundi mwenzangu angesema ukibonyeza hapo umekwisha. Lakini mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii baba yake usiguse. Nilimlea hivyo mwenyewe, na nimejisifu nalo kanisani na sokoni. Onyo lake likanifikia laini kama mtu anayeomba hela ya sabuni, nami nikalipokea kama ombi. Ombi unaweza kulikubali au kuliacha.

Kazi niliifanyia dukani, mezani, mchana, watu wanapita. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, anauza mapeasi mbele ya duka. Tunataniana tangu nilipopeleka mahari kwao. Akaja akaegemea kaunta.

"Leo unafungua gia boksi ya Kizungu, shemeji?"

"Kizungu kitu gani. Mashine ni mashine."

"Hayo maandishi unayasoma au unayatazama tu?"

Nikamwambia nasoma. Ukweli ni kwamba Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi ya vipuri. Ukurasa wa kuchagua ukaja, mistari mitatu minne, kila mmoja na kiduara chake. Simu ilikuwa mfukoni. Nikiitoa kupiga picha, shemeji ataona namuuliza mtoto. Kwenye mstari mmoja nikalitambua neno la kufuta, na moyo ukatulia, kwa sababu injini huifungi na uchafu wake. Unaiosha kwanza kwa petroli ndipo unaifunga. Nikajua inafuta hitilafu. Nikabonyeza. Ikauliza kama nina hakika. Mimi tangu lini nimekosa hakika.

Iliwaka vizuri sana. Hata shemeji alikiri. Nikamtumia binti picha ya kioo kinavyong'aa. Akapiga, akaniomba nimtajie kilichomo ndani. Hakukuwa na kitu. Haikuuliza tena unaingia upande upi, maana pande zote mbili za zamani hazikuwepo. Dereva alikuwa mmoja, mgeni, na lori tupu.

Nikadhani nimeruka hatua. Nikairudia kazi yote, mara mbili. Fundi niliyempelekea Tanga aliniambia pale ndipo nilipozika kabisa: ukifuta mara ya kwanza bado kuna mabaki, lakini kila unachoweka juu yake kinayafukia. Alikaa nayo siku tisa. Akanitolea picha za mahafali zilizokatika nusu, na faili moja la sauti la sekunde kumi na moja. Nililisikiliza pale pale nimesimama. Ni maharage yanadondoka kwenye ungo. Hakuna anayesema.

Shemeji nilimweleza mwenyewe. Ilikuwa sauti ya dada yake. Tangu siku hiyo hajanitania. Ananisalimia vizuri, anarudi kwenye mapeasi yake.

Binti alinipa pole kwenye simu. Akasema nilijitahidi. Nikamuuliza mama yake alisema nini kuhusu mimi.

"Maneno yenyewe siyakumbuki, baba," alisema. "Sikuyashika. Nilijua yapo."

Fundi, na nauli za kwenda Tanga na kurudi, mara mbili: shilingi laki mbili, sabini na tatu elfu na mia tano.